Inchi Nne za Kupanda

Mimi ni fundi seremala, na karakana yangu iko Majengo, Moshi mjini. Mchezo wenyewe niliuokota kwenye marundo ya mitumba: boksi la sanamu za plastiki, kila moja urefu wa kidole gumba, dadu sita na kijitabu cha kanuni cha Kiingereza. Unajenga mji mdogo juu ya meza, halafu wachezaji wawili wanasogeza askari wao kwa zamu kutafuta bendera ya mwenzake; wa kwanza kuifikia ameshinda. Hakuna miraba kama ya drafti. Unapima kwa inchi. Mimi ninayeshinda kutwa na futi mkononi, niliona mchezo huu umetengenezwa kwa ajili yangu.

Nyumba na kuta nilizitengeneza kwa vipande vya mbao vilivyobaki karakanani. Jumapili moja baada ya ibada nikapanda Mwika kwa mama mkwe, boksi likiwa kwapani. Niliyemtaka mezani ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mwalimu wa hesabu. Tangu niolewe tulikuwa tunasalimiana vizuri, kisha tunanyamaza. Alidhani najivuna. Hakukosea sana.

Tulichezea barazani. Zamu yake ya nne, akamchukua mhusika wake mwenye mabawa, akamwinua juu ya ukuta wangu na kubaki amemshika hewani kwa vidole viwili.

"Ametua wapi, wifi?" nikauliza.

"Hajatua. Anaruka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapotaka. Si ana mabawa?"

Nikafungua kijitabu. Sehemu ya wahusika wanaoruka ilikuwepo, na sentensi moja tu: anayeruka anapita juu ya vizuizi vyote, inchi kumi kwa zamu. Ukurasa uliofuata ulikuwa umechanwa.

"Sheria ndiyo hiyo," wifi akasema. "Inchi kumi, popote."

"Inchi kumi za kwenda mbele. Za kupanda je? Ukuta wangu una inchi nne."

"Imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote. Mama mkwe alikuwa kando yetu akimenya ndizi za supu ya mtori. Akauliza kama askari wangu wa chini wanaweza kumpiga yule wa juu.

"Hapana, mama, hawamfikii," wifi akajibu.

"Na yeye anawapiga?"

"Anawapiga."

"Basi huo ni uonevu," mama akasema, akacheka.

Wifi hakucheka. Akamlaza mhusika wake mezani, akaingia jikoni. Nilibaki na meza nzima na aibu kidogo, maana mimi ndiye niliyemwalika. Lakini kitu kikiharibika mbele yangu, mikono haitulii. Niliingia kihambani, shamba la nyuma ya nyumba, nikaokota tawi la mbuni lililopogolewa na kipande cha waya chini ya migomba. Nikakata kitako, nikachomeka waya, nikautia alama kila inchi. Sasa anayeruka alikuwa na mahali pa kukaa hewani bila kushikwa.

Nikaenda mlangoni pa jikoni. "Wifi, njoo unikosoe. Mwenye hesabu ni wewe."

Akaja akijifuta mikono. Akaugeuzageuza ule waya, akavuta kiti. Tukaandika pamoja nyuma ya karatasi ya matangazo ya kanisani. Kupanda kuhesabiwe sawa na kwenda mbele. Kushuka ni bure. Akimaliza zamu hewani, zamu inayofuata lazima atue. Akimpiga wa chini, wa chini naye anaruhusiwa kumjibu.

"Na akipanda mshazari?" wifi akauliza. "Sita mbele na nne juu, kwa mshazari ni saba na kitu. Unamwibia karibu inchi tatu."

"Ni kweli. Lakini nani atangoja ukokotoe kila zamu? Apande kwanza, kisha aende."

Alinitazama, akacheka kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo kwa jambo nililosema mimi.

Tukarudia zamu ile. Nikapima mwenyewe: nne za kupanda, sita za kwenda, na mhusika wake akashuka bure juu ya bendera yangu. Nilikuwa nimeshindwa, kwa kanuni niliyoipigania.

"Pima tena," wifi akasema. Nadhani alingoja nibishe.

"Nimeshapima. Kumi kamili. Umeshinda."

Nilisema bila kinyongo. Kipimo changu huwa sikibadilishi kwa sababu kimeniumiza; ningekuwa na tabia hiyo, hakuna mlango wangu hata mmoja ambao ungefunga.

Ile karatasi tuliibandika ndani ya kijitabu, mahali pa ukurasa uliopotea. Siku hizi wifi hushuka Majengo Jumamosi mchana, tunabishana juu ya mambo mengine. Juzi alitaka anayeruka aweze kumbeba mwenzake. Nikamwambia sawa, lakini mzigo umpunguzie mwendo nusu. Alikataa, tukajaribu kwa njia yake michezo miwili, na yote miwili iliisha kabla chai haijapoa. Amekubali nusu.