Kiti cha Mlangoni

Javan Nalianya alikuwa na mdomo, na hilo hata mkewe Nakhumicha hakulificha. Siku za kazi alikuwa fundi wa karakana ya reli, akishinda na nyundo na vyuma mpaka masikio yanavuma. Jumapili, baada ya kanisa, badala ya kuyapumzisha masikio hayo, aliyapeleka kwa Ngigi yakasikilize roki nzito, ule muziki wa magitaa yanayonguruma ambao wapenzi wake waliuita chuma, na ambao majirani wa Ziwani walisema ni ng'ombe anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, mtaa mzima ukicheza rumba na benga, mashabiki wa roki nzito pale Ziwani walikuwa wanne tu, na wanne hao walijiona mitume. Ngigi, seremala, ndiye aliyekuwa na gramafoni, kwa hiyo nyumba ikawa yake na neno la mwisho likawa lake. Mbuthia, karani wa benki, alivaa kola pana kama masikio ya tembo na kueleza kutoka vitabuni habari za bendi ambazo hajawahi kuziona. Phares wa baraza la jiji alikuwa na maoni ya yule aliyesema mwisho. Wa nne ni Javan. Alikuwa na santuri tatu zake mwenyewe na hakuwa na kitu cha kuzipigia, hivyo zilikaa kwa Ngigi kama watoto waliopelekwa kulelewa kwa shangazi.

Walikuwa na desturi yao. Santuri ikiisha, kila mmoja alisimama, akaweka mkono juu ya spika na kutoa maoni, wala hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza. Lakini aliyeutukana muziki alihamishwa. Alikwenda kukaa kwenye kiti kibovu cha mlangoni, mgongo kwa spika, akitazama kamba za nguo za majirani huku wenzake wakistarehe ndani. Kiti kile kilishalifahamu vizuri umbo la Javan.

Angefanya nini, na maoni yake yalikuwa yale? Alisema mpiga ngoma anayepiga peke yake robo saa si fundi, ni mtu anayetafuta spana ndani ya sanduku. Alisema gitaa linalolia bila kukoma ni mgeni asiyejua kuaga. Alisema nywele ndefu hazijawahi kumsaidia mtu vidole. Mbuthia alisikia hayo akasonya, Phares naye akasonya baada yake.

Siku moja Javan akaigusa Tanuri. Hilo ndilo jina walilolipa santuri ya bendi moja ya Waingereza, kwa ajili ya moto uliochorwa kwenye jalada lake. Ngigi aliipenda kuliko zote. Muziki wake ulijikokota, na mwimbaji alikuwa na sauti ya fahali aliyelala. Waliposikia sauti ile walifumba macho.

"Huo si uzito," Javan akasema, mkono juu ya spika. "Huo ni uchovu. Hawa watu wanapiga kama walitoka matanga jana."

"Enda mlango," akasema Ngigi.

"Buda, wewe hujui chuma," Mbuthia akaongeza.

Kumwambia fundi wa reli kwamba hajui chuma! Javan aliketi mlangoni akichemka. Aliapa kuwatafutia santuri itakayowafunga midomo, na Jumamosi iliyofuata akaenda Eastleigh kwa Saado, mama aliyeuza redio na santuri kuukuu. Katika kupekua akakuta Tanuri nyingine. Saado akaiweka kwenye gramafoni yake ili amwonyeshe haina mikwaruzo.

Javan akaruka. Ngoma zilikimbia. Magitaa yalikata kama msumeno mpya. Na yule fahali alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba, kali, ya kupasua glasi.

"Mama, mashine yako inakimbia."

"Inakimbia wapi? Hii imetoka kwa boksi juzi." Saado, aliyekuwa hapendi bidhaa yake ichafuliwe jina, akatoa wimbo wa rumba ambao redio iliupiga kila asubuhi, akauweka. Ukatoka vilevile Javan alivyoujua, haukukimbia wala haukuchelewa. "Umeona? Wewe ulisikiza hiyo ingine kwa mashine gani?"

Hapo Javan akaona yote. Ngigi aliinunua gramafoni yake kwa mnada ikiwa haina mkanda wa kuzungushia sahani, na kwa vile mkono wa seremala haushindwi na kitu, akakata kipande cha mpira wa baiskeli akakifunga mahali pake. Kilikuwa kinateleza tangu siku ya kwanza, na sahani ikizunguka polepole. Javan alinunua mkanda wa kiwandani akarudi nyumbani akicheka peke yake njiani.

Kesho yake aliwaeleza. Walimcheka. Ngigi akaupokea ule mkanda kwa ncha za vidole.

"Naweka. Lakini ikikosa kuwa vile unasema, hapa kwangu usirudi tena."

Javan alikubali papo hapo. Alitaka kitu kimoja tu, kutoka kwenye kiti cha mlangoni na kupewa kile cha karibu na spika, kama mtu mwenye masikio. Ngigi akaufunga.

Tanuri ikaanza, ikakimbia. Sauti ile nyembamba ikajaa chumba, na nje watoto wakaanza kuruka kamba kwa mapigo yake. Mbuthia alitazama viatu vyake. Phares alimtazama Mbuthia, asipate maoni. Ngigi alikaa kama mtu aliyefunguliwa jeneza akakuta si marehemu wake. Santuri ikaisha, na hakuna aliyesimama.

Mtu mwenye busara angenyamaza naye. Javan akasimama, akaweka mkono juu ya spika.

"Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga! Miaka yote hii mmekuwa mkifumba macho mkisifu mpira wa baiskeli. Wewe Mbuthia na vitabu vyako, ulikuwa unasifu pancha!"

Hakukatizwa. Desturi ni desturi. Alipomaliza, Ngigi aliinama, akautoa mkanda mpya, akaufunga tena ule wa mpira. Kisha akakusanya santuri tatu za Javan, akaweka mkanda juu yake, akamkabidhi.

"Umesema kweli," akasema. "Sasa beba kweli yako uende nayo."

Javan alipokuwa akipita kile kiti kibovu, alisikia nyuma yake Tanuri ikianza kujikokota upya, na fahali wao akirudi. Ilimuuma kuliko alivyotarajia.

Nakhumicha alikuwa akichambua mboga. Alimtazama mumewe, akatazama santuri.

"Umeshinda?"

"Nimewashinda wote."

"Na huo ndio mkanda wenyewe?"

"Ndio huu."

"Vizuri," akasema Nakhumicha, akirudia mboga zake. "Haya, baba, tupigie basi tusikie."