Unywele wa Ndevu

Fundi wetu wa bunduki hapa Lewistown hukinusa chuma kabla hajakigusa. Bunduki yoyote ya kiwandani ikija, hutoa ule mwili unaobeba mtutu na komeo, akaufunga kwenye mashine ya kukereza na kuuzungusha chini ya kipimo cha mshale. Mshale ukicheza, anatabasamu. "Umepinda, mpenzi. Njoo nikunyooshe." Kupinda huko kumemlisha miaka thelathini. Kopi za miili hiyo hazigusi. "Orijino ina kasoro za ukoo," husema. "Kopi ina kasoro za mwizi."

Juzi Marlys Kvale, mfuga ng'ombe, alimwekea mezani kopi iliyochongwa na karakana fulani ndogo. "Pima, fundi, punguza maneno." Akaifunga, akaizungusha. Mshale haukutikisika. Akagonga kioo kwa ukucha. Wapi! "Kipimo kimekufa," alisema. Mimi nilikuwa kaunta, nikamwona aking'oa unywele mmoja wa ndevu na kuupitisha chini ya ncha ya kipimo. Mshale ukaruka. Kumbe kipimo ni kizima! Akaizungusha kopi tena, mdomo wazi, na mshale ukatulia kama umepigiliwa msumari.

"Utainyoosha lini?" Marlys akauliza, bila kucheka.

"Bahati ya mtende hiyo," fundi akanong'ona. "Ni hii moja tu."

Marlys akafungua mkoba. "Nimeleta tatu pamoja na hiyo, kila mwanangu na yake."

Fundi akapeleka mkono kidevuni, akang'oa unywele wa pili.