Mama Inama na kamera yake ya macho mawili

Saa tatu asubuhi, mwanamume aliyevaa koti jeusi la kuazima anakaa kwenye stuli, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Mbele yake mwanamke wa makamo anashika kamera usawa wa tumbo, anafungua kifuniko chake cha juu, kisha anainamisha kichwa. Chumba kinanyamaza. Hata cherehani iliyo nyuma ya pazia inasimama.

Anabaki ameinama, midomo ikichezacheza kidogo. Panasikika tk, kama kijiti cha kiberiti kimevunjwa. Mwanamke anainua kichwa.

“Amina,” anasema yule mwanamume, kisha anaona haya.

Si wa kwanza kuponyokwa na neno hilo. Mtaa mzima unamwita mwanamke huyu Mama Inama, na wapo wateja ambao hadi leo wanaamini kwamba huwaombea kabla ya kuwapiga picha. Yeye hakanushi. “Mtu akidhani anaombewa, hutulia,” anasema. “Na mimi ninachotaka ni atulie.”

Ukweli ni kwamba kamera yake ni ya zamani, ya mkanda, ya aina inayotazamwa kutoka juu. Ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ndiyo maana ameipa jina la Macho Mawili. Aliirithi kwa shangazi yake, aliyemfundisha kazi tangu akiwa msichana wa kufagia studio, na shangazi alimweleza siri ya lenzi hizo kwa maneno ambayo hajayasahau: jicho la juu ni lako, jicho la chini ni la mkanda.

Jicho la juu huleta sura ya mteja kwenye kioo kidogo kilicholazwa mshazari ndani ya kamera, nacho huirusha juu, pale anapoinamia mpiga picha. Jicho la chini halina habari na mpiga picha anaona nini. Kazi yake ni kuandika kwenye mkanda, basi. Msomaji ayashike maneno hayo ya shangazi, maana ndiyo yaliyotaka kumponza mpwa wake.

Chumba chenyewe ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia la kijani. Mbele ni studio: stuli, ukuta uliopakwa rangi ya majivu, na kioo chenye chanuo lililofungwa kwa kamba ili lisitembee. Nyuma ni kwa mumewe, fundi cherehani. Koti jeusi ni la fundi, alilishona kwa ajili ya wateja wa picha wasio na koti. Limepigwa picha nyingi kuliko waziri yeyote.

Wameishi hivyo, mke mbele na mume nyuma ya pazia, tangu mtoto wao mkubwa hajaota meno. Sasa mtoto huyo naye ana watoto. Katika muda wote huo fundi hakuwahi kuinama hata mara moja kutazama ndani ya kamera. Ukimwuliza sababu, anaweka mkasi chini ili ajibu vizuri.

“Yule ni mume mwenzangu,” anasema. “Kila asubuhi anafutwa vumbi kwa kitambaa laini. Mimi sijafutwa vumbi hata siku moja. Sasa niende nikachungulie nyumbani kwake nitafute nini?”

Ana malalamiko mengine. Ndani ya kamera ile, sura huonekana kama kwenye kioo cha ukutani, kulia kumekuwa kushoto, na miaka mingi ya kuinamia humo imemvuruga mkewe. Akimwelekeza mtu njia, anasema kushoto huku mkono umeelekea kulia. “Akikwambia pita huku, wewe pita kule,” fundi anashauri. “Utafika salama.”

Kazi si ile ya zamani. Enzi za shangazi, foleni ilifika barabarani, na kwa siku walipita wateja thelathini. Leo wakija watano, Mama Inama anasema siku imebarikiwa. Mkanda umepanda bei mara tatu katika miaka michache, na kuna miezi kodi ya chumba hulipwa na cherehani peke yake. Mwanawe alimnunulia kamera ya kisasa. Iko kabatini, ndani ya boksi lake, salama salimini.

“Ile unapiga mia, halafu unakaa unachagua,” anasema. “Hii mkanda mmoja una picha kumi na mbili. Ukijua unazo kumi na mbili tu, unamtazama mtu. Humpigi hovyo.”

Na ni huko kutazama ndiko kulikotaka kumtoka.

Ilianza mwaka juzi, msimu wa mvua. Aliinama kama kawaida akaona ukungu. Akafuta kioo cha juu, akafuta lenzi, ukungu ukabaki palepale. Mwezi kwa mwezi ukazidi, hadi wateja wakawa kama wanatazamwa kupitia chandarua. Mwishowe aliona koti, akaona kichwa juu ya koti, lakini macho ya mtu hakuyaona.

Mtu mwingine angesema kamera imeharibika. Mama Inama hakusema hivyo, na alikuwa na hoja. Picha zilikuwa zikitoka kali kuliko zamani, kope unaweza kuzihesabu. “Kamera inayotoa picha kama zile utaisingizia nini?” anauliza. “Nikajua ni mimi.”

Mama yake mzazi alipofuka uzeeni. Binti huyu ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka uani, na anakumbuka jinsi alivyokuwa akiuliza “Nani huyo?” hata kwa wanawe wa kuwazaa. Tena siku hizo hata maandishi ya simu yalikuwa yakimchezea, mpaka aiweke mbali na uso. Akajumlisha yote akapata jibu. Hakumwambia mtu. Hospitali hakwenda, kwa kuogopa kuambiwa anachokijua.

Akatafuta ujanja. Pembeni mwa lenzi ya kamera kuna namba za umbali, basi akaona akiweza kupima kutoka kamera hadi pua ya mteja, hana haja ya kuona. Akapenya pazia akachukua futi ya mumewe, ule utepe wa mafundi cherehani. Kuanzia hapo kila mteja akawa anapimwa kwanza. Mmoja alimwuliza kama amekuja kupigwa picha au kushonewa suti.

Upande wa pili wa pazia, fundi alikuwa akitafuta futi yake chini ya meza, ndani ya mifuko, shingoni mwake mwenyewe. Alinunua nyingine, nayo ikahamia mbele. Alianza kuwashuku wateja wake, na mmoja wao, mwenye suruali ya kupunguza kiuno, alitazamwa vibaya kwa muda wa wiki nzima bila kosa.

Watu wazima walipimika. Watoto wachanga hawakupimika, maana mtoto hakai akangoja utepe. Mama Inama akaanza kuwakataa. Alikuwa akisema mkanda umekwisha, au taa ni mbovu. Siku moja alimrudisha mama mwenye mapacha waliokuwa wamevishwa nguo mpya za kufanana, na hilo ndilo lililomkata maini.

“Walipotoka nilikaa kwenye ile stuli ya wateja,” anasema. “Nikajiambia, sasa imetosha. Unadanganya watu.”

Kuna mpiga picha wa harusi ambaye kwa miaka alikuwa akimbembeleza amuuzie kamera ile. Akamwita, wakakubaliana aje Jumamosi kuichukua. Hakutaka hata kupatana bei. Alichotaka ni Macho Mawili iende kwa mtu mwenye macho.

Alhamisi jioni fundi alivuka pazia kutafuta futi, akaikuta imefungwa kwenye kamera, ya pili iko juu ya stuli. Mkewe hakuwa na pa kukimbilia. Akamweleza yote: ukungu, mama yake, mapacha, Jumamosi.

Fundi alivuta stuli akakaa, akaanza kuviringisha ile futi kidoleni na kuifungua, kuiviringisha na kuifungua. Halafu akasema kesho yake waende kwa daktari wa macho, atake asitake, mficha uchi hazai. Na kwa kuwa mume mwenzake anahama, aliona si vibaya amuage. Akaomba atazame ndani, mara moja tu.

Mama Inama alimfungulia kifuniko, akamwonyesha pa kuinamia, akamwambia atazame pale kwenye stuli chini ya taa. Fundi akainama. Huyu ni mtu ambaye mpaka leo hutunga uzi kwenye sindano bila miwani, tena kwa mara ya kwanza.

“Sasa humu wewe unaona nini?” akauliza. “Mbona kama dirisha la bafuni mtu akishaoga?”

Mama Inama akamwuliza anasema nini.

“Nasema ukungu mtupu. Stuli yenyewe iko wapi?”

“Hata wewe unauona?”

“Mimi sioni kingine.”

Anaposimulia hapa, Mama Inama anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya kanga. Anasema alikaa sakafuni, akacheka huku analia, na fundi akadhani amezidiwa akamletea maji.

“Nilihisi kama nimetuliwa ndoo kichwani,” anasema. “Ndoo niliyokuwa nimeibeba mwaka mzima na zaidi, peke yangu, na chini palikuwa karibu hivyo.”

Ndipo maneno ya shangazi yalipomrudia sawasawa. Jicho la chini ni la mkanda, ndiyo, na lilikuwa zima, ndiyo maana picha zilikuwa kali. Lakini jicho la juu na kioo chake vilikuwa na maisha yao mbali. Kioo kilikuwa kimechoka, na picha nzuri hazikuwa zimemthibitishia lolote kuhusu macho yake.

Fundi naye alipohakikisha mkewe hafi, alipata la kusema, na hajaacha kulisema tangu siku hiyo. “Wahenga walisema ukipenda, chongo utaita kengeza. Huyu kapita wahenga. Kamera ndiyo chongo, yeye akaenda kujiita kipofu.”

Kwa daktari wa macho walikwenda vilevile, maana fundi alikuwa ameshasema. Mama Inama alisomeshwa herufi, akamulikwa kwa tochi ndogo. Akaambiwa macho yake hayana ugonjwa, yana umri. Akapewa miwani ya kusomea, na maandishi ya simu yakatulia.

Jumamosi mpiga picha wa harusi alikuja na mkoba mzuri wa kubebea kamera, akarudi nao mtupu. Alinuna kidogo, kisha alipoelezwa kisa akacheka mpaka akaomba stuli. Sasa huleta mikanda yake isafishwe hapo, kwenye kichumba cha giza alicho nacho Mama Inama nje, chini ya ngazi.

Kamera ilipelekwa kwa fundi saa wa jirani. Alipoanza kulegeza skrubu, Mama Inama alitoka nje, kama mzazi ambaye mtoto wake anadungwa sindano. Kioo cha ndani kilikutwa kimebabuka, rangi yake ya fedha imetoka vipandevipande. Fundi saa akakata kipande cha kioo cha kujipodolea akakitia. Haikufaa. Kioo cha kawaida kimepakwa fedha kwa nyuma, na humo inatakiwa iwe mbele.

“Kila mteja alikuja na pacha wake,” anasema Mama Inama. “Pua mbili, videvu viwili. Nilirudi mbio.”

Kioo kilichofaa kilipatikana ndani ya mashine ya fotokopi iliyokufa, iliyokuwa imetupwa nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Fundi saa alikikata, akakisafisha, akakilaza mahali pake. Mama Inama akainama pale pale juu ya meza ya kazi. Anasema aliona mpaka vumbi lililokuwa kati ya saa za watu, akamwambia mwenyewe afute.

Siku hizi mlangoni kuna kibao kipya, maandishi ya mkono: Watoto wachanga karibuni. Futi zote zimerudishwa kwa mwenyewe, ingawa fundi anadai moja ilirudi imenyooka kuliko ilivyotoka. Mama wa mapacha alitafutwa akapatikana. Watoto sasa wanatembea, na kila mmoja alikimbilia upande wake, lakini walipigwa picha. Wako ukutani, mmoja anacheka, mwingine ni kisogo tu.

Mama Inama anataka kuwafikia wengine aliowarudisha, mmoja baada ya mwingine, hata kama wameshaanza kukimbia. Halafu ana jambo moja zaidi. Katika miaka yake yote na kamera ile, hakuna hata picha moja aliyopigwa yeye. Shangazi alishaondoka, na mtu pekee aliyekuwa karibu alikuwa hachungulii nyumba ya mwenzake.

Mteja mwenye koti ameshaondoka, koti limerudi msumarini. Mama Inama anatazama namba kwenye ubavu wa kamera. Imebaki picha moja. Anaita nyuma ya pazia.

Fundi anakuja na vipande vya uzi kwenye shati. Mkewe ameshakaa kwenye stuli, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Anamwelekeza pa kushika na pa kubonyeza. Fundi anainama.

“Sogea kulia,” anasema.

Mama Inama anasogea kuliani kwake. Fundi anataka kumkosoa, maana watu wanaotazamana kulia kwao hakulingani, kisha anaona kwamba ndani ya kioo mkewe amefika palepale alipomtaka.

“Ajabu,” anasema bila kuinua kichwa. “Humu kulia kwako ndiko kulia kwangu.”

“Ndiyo nimekuwa nikikwambia siku zote.”

Fundi anaendelea kuinama. Anakaa hivyo muda mrefu kuliko picha inavyohitaji, na nje mtu anagonga, hajibiwi.

“Unaniona?” anauliza Mama Inama.

“Nakuona vizuri.”

Panasikika tk. Fundi anainua kichwa.

“Amina,” anasema mkewe.