Nilikagua sports car kama fahali, nikaishia soko la Madogo na mtamba wa binti yangu

Wakuu, salamu kutoka Garsen, huku kwenye joto na vumbi.

Kwa kawaida mimi husoma tu nyuzi zenu za magari nikacheka peke yangu. Leo naandika. Yote yamenipata mimi mwenyewe, na yale ya kunitia aibu sitayaruka, maana ndiyo yatakayowafaa.

Mimi ni Muorma, mfanyabiashara wa ng'ombe. Nanunua huko juu, Nanighi na Chewele, napakia lori, nauza Mombasa. Msimu mmoja mvua ilinyesha vizuri, nyasi zikajaa, ng'ombe wakanona, nikapata faida ambayo sijawahi kuiona.

Mtu mwenye akili angenunua ploti.

Mimi nikaona picha ya gari kwa simu.

Jekundu. Milango miwili. Injini iko nyuma, pale ambapo mtu mzima huweka magunia. Kampuni siitaji, shida zangu zinanitosha.

Bei yake ilikuwa madume thelathini. Mtanivumilia, mimi huhesabu kwa mifugo. Shilingi hunichanganya, ng'ombe namwelewa.

Nikaenda Mombasa kuliona. Hapa ndipo nilipokosea, na nadhani ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya.

Nililikagua kama fahali.

Nikalizunguka mara tatu. Ngozi: rangi inang'aa. Macho: taa safi. Kwato: tairi pana. Nikataka litembee, likatembea. Nikasikiliza pumzi, likanguruma mpaka nywele zikanisimama. Kwetu ng'ombe aliyenona ni aliyekula, huulizi alikula lini. Rekodi za sevisi sikuuliza hata karatasi moja.

La pili, soko letu lina desturi. Mwenye mnyama hutaja kasoro kabla hamjapeana mkono. Huyu hupiga teke, huyu chuchu moja imekufa. Akinyamaza, ndiyo kusema mnyama ni mzima, na ukigundua vingine unamrudishia mbele za watu.

Yule muuzaji alinyamaza. Mimi nikaridhika kabisa!

Kumbe mjini kunyamaza ni kunyamaza tu.

Wiki ya kwanza nilikuwa sultani wa Garsen. Nikisimama kununua maji, watu wanapiga picha. Mke wangu, Mama Dhahabo, alilitazama mara moja akauliza, "Na Dhahabo atakaa wapi?"

Dhahabo ni binti yetu, wakati huo ana miaka mitano. Nikamweleza mama yake kwamba hili si gari la familia.

Akasema, "Haya."

Nyinyi mlio na wake mnaijua "haya" hiyo.

Basi matatizo yakaanza kuja kwa foleni. Kwanza matuta. Gari liko chini sana, kila tuta lilikuwa linakwangua tumbo, nikawa napita kwa upande kama kaa. Halafu miiba ya mathenge, ule mti uliovamia malisho yetu, ambayo mtu wa Tana River hahitaji kuelezwa. Tairi za low profile, zile za ukuta mfupi, haziwezani nayo, na tairi moja ni mbuzi watano. Nilinunua sita.

Oili yake haipatikani huku, lazima niifuate Mombasa. Sevisi moja, dume moja. Breki za mbele, madume mawili. Betri nayo ilikuwa inakufa kila nikiondoka wiki mbili kununua ng'ombe, kwa sababu gari hilo hata likilala kompyuta zake zinakunywa moto wa betri. Panya wakaingia wakala nyaya. Taa ya check engine ikawaka, nikaizoea kama taa ya nje ya nyumba.

Siku moja likazima katikati ya barabara, mchana, watu wote wako nje. Jirani yangu Komora, Mpokomo mwenye shamba la ndizi kule mtoni, akaja na mkokoteni wake. Gari la nguvu za farasi mia nne likavutwa na punda wawili.

Komora hakunicheka. Alisema tu, "Jirani, hawa hawatumii oili."

Afadhali angenicheka.

Safari hiyo ilikuwa giaboksi. Nikalipakia kwenye lori la flatbed hadi Mombasa kwa fundi Kassim, mtu mpole, anaongea taratibu kama anakupa pole ya msiba. Akafungua, akanionyesha oili nyeusi tititi.

"Kaka yangu, gari hili halikuharibika kwako. Lilikuja kwako limeshaharibika, wewe umelisindikiza tu."

Nikamwambia lakini nililipata kwa bei nzuri.

Akasema, "Ndiyo hapo wengi mnapoangukia. Gari likizeeka bei yake hushuka. Spea hazijui kama gari limezeeka."

Wakuu, sentensi hiyo iandikeni ukutani. Ukinunua sports car kuukuu kwa bei ya gari la kawaida, matunzo yake bado ni ya gari la tajiri.

Giaboksi, madume kumi.

Hapo ningeacha. Lakini nilikuwa nimeingiwa na ule ukaidi wa mtu aliyekwisha tia mkono mzima kwenye mzinga, anaona aibu kuutoa bila asali. Mtaji wa biashara nikauingiza. Lori likakaa bila kupakia. Nikauza kila kilichouzika, na bado kikapungua kiasi cha mtamba mmoja.

Nyumbani walibaki ng'ombe wa maziwa wa mke wangu, ambao siwagusi nikitaka kuishi. Na Adi.

Adi ni mtamba mweupe wa Dhahabo. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa ng'ombe wa kitovu. Ni wake, na watakaozaliwa ni wake, ndio mwanzo wa maisha yake. Mimi mwenyewe biashara hii yote ilianza na ng'ombe wa kitovu changu. Nalijua hilo vizuri, na bado nilimfunga Adi kamba.

Nilijiambia nitamrudishia wawili. Soko la Garsen kila mtu ananijua, kwa hiyo nikampandisha lori la mwenzangu lililokuwa linakwenda Madogo.

Dhahabo akatukuta tukipakia. Nikamwambia Adi anakwenda kudungwa sindano.

Akamshika Adi mdomo, akamwambia, "Usilie."

Safari nzima sikula kitu.

Madogo nikapata dalali, Godana, rika langu, mwembamba, maneno machache. Tukafunika mikono kwa shuka tupatane bei kwa vidole, kama kawaida yetu, watu wasione. Nikambana vidole, naye akanibana. Tulikuwa tumekaribiana kabisa. Kisha akatazama sikio la Adi. Pana alama yetu ya ukoo, na chini yake kialama kidogo cha mtoto.

"Hii ng'ombe, mwenyewe iko wapi?"

"Mimi ni baba yake."

"Baba naona. Mimi nauliza mwenyewe."

"Yuko shule. Nursery."

Akautoa mkono wake chini ya shuka, mbele ya watu wote.

"Basi ngojea atoke shule. Mlete hapa, aseme kwa mdomo yake nauza. Mimi niko, siendi mahali."

Watu wakacheka. Mimi masikio yaliwaka moto. Niliona haya ambayo sikuiona hata siku ya punda. Hakuwa ananitania, wakuu. Ndiyo desturi: mwenye mnyama asiposema, dalali hauzi. Nilikuwa nimeisahau kwa sababu ya gari.

Nikarudi na Adi, nauli ya kwenda na kurudi.

Dhahabo alikuwa amekaa kizingitini. "Alilia?"

Nikasema hakulia. Aliyekaribia kulia ni mimi.

Wiki hiyo hiyo nikaliuza gari, giaboksi ikiwa bado chini kwa Kassim. Mnunuzi ni jamaa wa Malindi. Kabla hatujapeana mkono nilimtajia kasoro moja moja kama tunavyofanya sokoni. Nilimaliza chai mbili nikiwa bado nataja. Akalichukua kwa madume saba, na namwombea kheri.

Sasa naendesha Probox. Spea zake utapata hata duka la sukari. Inabeba Dhahabo, mama yake, na mbuzi wanne ikibidi.

Nilichojifunza ni kwamba bei ya kununua ni mlango tu. Kabla hujaingia, ulizia rekodi, mpe fundi wako gari alifungue, na uulize oili na tairi zake zinatoka wapi na barabara yako ikoje. Ukishalipia gari, ubaki na uwezo wa kulitunza bila kugusa biashara. Na siku utakapoanza kuwaza kuuza kitu cha mtoto ili gari litembee, ujue gari hilo ndilo linalokuendesha.

Adi amezaa mwezi uliopita. Jike, mweupe kama mama yake. Dhahabo sasa ana miaka sita na ng'ombe wawili, yaani kwa sasa ananishinda maendeleo. Jana alikuwa ananitazama nikimfunga ndama, akaniuliza kwa nia njema kabisa:

"Baba, na lile gari lako jekundu lilizaa wangapi?"

Mwenye jibu aliweke hapo chini, nikamsomee akitoka shule.