Wakwe Wawili Waenda Bandari ya Liuli

Mama yangu alishuka kutoka milimani, upande wa Mbinga, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili, na mimi nilikuwa nimeolewa ziwani, kijiji kimoja kati ya Ngumbo na Liuli. Mteremko ulimuumiza. Alifika magoti yamevimba, akampokea mjukuu wake, akalitazama ziwa kidogo, kisha akauliza watu wa hapa wanalima wapi. Kwetu tulilima ngolo, yale mashamba ya mashimo yanayofunika mlima mzima. Kuona muhogo umesimama kwenye mchanga kulimsikitisha.

Alikaa nasi mpaka nikapata nguvu. Alipoanza kuzungumzia kurudi, akaniambia kuna mahali anataka kupaona kwanza: bandari ya zamani ya Liuli.

Nilijua sababu. Marehemu baba, katika ujana wake wakati wa Mjerumani, alichukuliwa kufanya kazi pale. Alizoea kusimulia kwamba walivuta meli nzima kwa kamba na minyororo mpaka ikapanda nchi kavu, ikasimama juu ya magogo kama nyumba, mafundi wakatengeneza tumbo lake. Mama hakuamini hata siku moja. Wageni wakiwepo alimkatiza, akawaambia wale kwanza, maana mzee akishaanza na meli yake chakula kitapoa. Baba alicheka tu.

Mama alitaka kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kulala kwa watu wengine wakati tayari yeye ni mgeni kwangu, alisema, si heshima.

Basi tukaanza kupanga. Kwa miguu haikuwezekana, kwa ajili ya magoti yake. Ulibaki mtumbwi, na mama hakuwa amewahi kupanda mtumbwi. Alipokubali, tukakwama kwingine: mwenye mtumbwi na kasia alikuwa mume wangu, na mkwe hawezi kuketi chombo kimoja na mama wa mkewe, magoti yakikaribia kugusana. Mume wangu alikuwa akipita nyuma ya nyumba ili wasikutane uso kwa uso. Nilipomweleza safari hiyo alikuna kichwa, akaniambia nizungumze na mama yake.

Mama mkwe alisikiliza, akasema ndugu yake, mjomba wa mume wangu, ana mtumbwi mkubwa na atatupeleka. Halafu akaongeza kwamba na yeye anakwenda. Mgeni wake hawezi kuzurura pwani bila mwenyeji.

Hilo lilinitia wasiwasi. Mama yangu alisema Kimatengo, mama mkwe Kinyasa, na Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha sokoni na kanisani. Kila walichotaka kuambiana kilipita kwangu. Na hata hivyo walibishana. Mama alitaka kubeba mahindi ya kuchoma, mama mkwe akasema watu wa ziwani wanakula muhogo. Nikafunga vyote, pamoja na samaki, mbasa wa kukaanga, kwenye majani ya mgomba. Kisha mama, ambaye ni Mkatoliki, akaniuliza pembeni kama ili kufika bandarini ni lazima mtu apite ndani ya kanisa la misheni ya Waingereza. Nikamwambia hapana, njia inapita nje.

Asubuhi ya safari mjomba alifika na mtumbwi mdogo. Ule mkubwa ulikuwa umeazimwa na wavuvi tangu jana. Aliutazama huo mdogo, akatutazama sisi, akasema atachukua watu wawili tu, na mtoto mchanga asiingie kabisa.

Nilidhani mama mkwe atabaki. Nilipogeuka alikuwa ameshaketi ndani, khanga ameikaza kiunoni. Nikasema basi tuahirishe, maana bila mimi hawataelewana. Mama alikuwa anaingia, mjomba amemshika mkono.

"Kaa na mtoto," akaniambia. "Tutaelewana tu."

Nilibaki nikiwaangalia mpaka wakapotea nyuma ya miamba. Siku nzima sikufanya kazi ya maana.

Walirudi jua linapungua. Mama aliomba maji ya moto ya miguu. Nilipokuwa namkanda aliniambia kwamba kuna njia ya mawe inashuka hadi ndani ya maji, pana, na vyuma vilivyobaki vimeliwa na kutu. Alikuwa amepima upana wake kwa miguu yake mwenyewe, huku na huku. Hapo ndipo meli ilipopanda.

"Baba yako hakuwa mwongo," alisema.

Aliinamisha uso, nikaendelea kumkanda.

Mengine niliyapata kwa mama mkwe, kesho yake, tukimenya muhogo. Alisema mama aliketi juu ya yale mawe mpaka mjomba akaita mara nyingi, naye mama mkwe akaketi karibu yake. Kisha akamweleza, kwa maneno machache na mikono mingi, jinsi wakati wa vita vya kwanza alivyosikia mizinga ya Waingereza ikipiga meli ileile. Alikuwa msichana, anateka maji. Mama yake alimvuta mkono wakakimbilia porini, mtungi ukabaki pwani. Miaka yote niliyokaa nyumbani kwake sikuwahi kusikia habari hiyo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Na mama yangu alikuuliza?" nikasema.

"Alinionyesha mawe, akanionyesha mimi. Nikajua anauliza."

Mama alikaa siku chache tena kwa ajili ya magoti, kisha akarudi mlimani. Mama mkwe alimsindikiza mpaka njia inapoanza kupanda, mbali kuliko desturi inavyodai. Tangu hapo, mtu akipanda kwenda Mbinga alibebeshwa mbasa wakavu, na akishuka alileta maharage, na salamu hazikupita kwangu tena.

Mimi nilifika Liuli mwaka uliofuata, kumpeleka mtoto hospitali akiwa na homa. Alipona. Nilikuwa na haraka ya kurudi, sikushuka bandarini.