Tulivyokwenda Kuhani Jumba la Kale

Mume wangu aliondoka nyumbani Jumamosi asubuhi kwenda kupanga foleni kwenye maktaba ya mtaa. Maktaba ilikuwa ikigawa pasi za bure za kuingia sehemu za matembezi, pasi moja kwa familia nzima, na aliyewahi ndiye aliyechagua. Sisi tulitaka bustani ya wanyama. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea. Alikuwa amekaa nasi Flemingdon Park, mtaa wetu wa Toronto, majira yote ya joto, na zaidi ya maduka ya Don Mills na dirisha la sebule yetu hakuwa ameiona Kanada. Watoto walikuwa wameshamsimulia habari za dubu mweupe, na yeye alikuwa ameshasema kwamba hataamini mpaka amwone.

Mume wangu alirudi kabla ya adhuhuri, kashika kikaratasi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Za bustani ya wanyama zimekwisha," alisema. "Mama mmoja mbele yangu kachukua ya mwisho. Lakini nimepata jumba."

"Jumba gani?" nikauliza.

"La kale. Liko shamba, nje ya mji. Tajiri mmoja alilijenga zamani, sasa limehifadhiwa."

"Lina nini ndani?"

Alikigeuza kikaratasi, akasoma upande wa pili. "Samani," alisema.

Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alirudi chumbani kwake akafunga mlango. Mdogo wake akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yao, kama samani hula nyama au majani.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kochi akichambua mchele. Ulikuwa mchele wa pakiti, usio na hata kijiwe kimoja, lakini yeye alisema mchele usiochambuliwa haulali sawasawa tumboni.

"Huyo tajiri mwenyewe yupo?" aliuliza.

"Hapana, mama. Alishafariki."

Akaliweka sinia chini. "Innaa lillaahi. Lini?"

"Zamani sana, mama. Zaidi ya miaka mia."

"Na mmeshakwenda kuhani?"

Mume wangu alicheka. Alipoona amecheka peke yake, akaacha.

Kwa watu wa pwani, kwenda kuhani ni kwenda kuwapa pole wafiwa nyumbani kwao, na deni hilo haliozi. Ukikutana na mtu aliyefiwa ulipokuwa safarini, unampa pole hata kama miaka imepita. Haya nilikuwa nikiyajua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba hayana mwisho hata kidogo.

"Mama, yule mtu hatumjui," mume wangu alisema.

"Humjui, lakini unataka kwenda kwake uingie chumbani mwake ukatazame kitanda chake. Unaingia nyumba ya marehemu kwa mara ya kwanza, watoto wanalamba aiskrimu! Watasema umelelewa na nani?"

"Watasema akina nani?"

"Wenye nyumba."

Nikajaribu mimi. Nilimweleza taratibu kwamba pale si nyumbani kwa mtu tena, ni makumbusho.

"Makumbusho ya nani?"

"Ya huyo tajiri."

"Basi," alisema, akalichukua tena sinia lake. "Kumbe anakumbukwa. Mtu anayekumbukwa, watu wake wanapewa pole."



Maandalizi yakaanza, na kila nilipodhani ninapanga matembezi, niligundua ninapanga msiba. Mimi niliwaza mikate ya kupaka siagi na juisi za watoto. Mama mkwe akasema nyumba iliyofiwa haiwashi jiko, kwa hiyo tutapeleka pilau, sufuria ile kubwa. Nilipiga simu kule jumbani kuuliza kama chakula kinaruhusiwa. Mwanamke aliyepokea alisema chakula hakiingii ndani, ila kuna meza bustanini. Aliongeza kwamba mwezi ule wana maonyesho maalumu. Nikasema vizuri, ahsante, wala sikumwuliza ya nini. Nilimwambia mama mkwe kwamba chakula kitaliwa nje.

"Ndivyo inavyokuwa," alisema. "Watu wengi, ndani hapatoshi."

Likabaki suala la gari. Sisi tulikuwa watu wa basi, na mabasi ya mjini hayafiki mashambani. Ndugu yake mume wangu, shemeji yangu, aliishi Malvern, upande mwingine wa mji, na alikuwa na gari la viti saba. Mama mkwe akasema atampigia mwenyewe, ni mwanawe, amemzaa ili amtume. Nilikuwa jikoni na nilimsikia vizuri akisema kwenye simu: "Jumamosi usiende kazini. Tunakwenda kuhani huko shamba. Baba mwenye nyumba amefariki."

Nilipaswa kutoka jikoni saa ile ile. Lakini vitunguu vilikuwa vinaungua.

Kwetu Tanzania, "baba mwenye nyumba" ni yule anayekupangisha. Ghorofa letu lilikuwa la kampuni, na mwenye nyumba hatukuwahi kumwona kwa macho. Nadhani ndiyo sababu shemeji aliamini mara moja. Mtu usiyemwona kamwe ni rahisi kuamini kwamba amekufa.

Jumamosi iliyofuata alibisha hodi amevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, uso umemwanguka, mkononi kakumbatia shada la maua kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Alimpa kaka yake mkono wa pole.

"Poleni sana," alisema. "Alikuwa akiumwa?"

Mume wangu alimtazama, akayatazama maua. "Nani?"

Ilibidi amvute kwenye korido amweleze. Mimi nilisimama mlangoni nikisikiliza. Shemeji alifanya kazi kwenye kiwanda cha madirisha, na Jumamosi ile ilikuwa zamu yake. Alikuwa ameomba ruhusa ya msiba. Bosi wake alimwuliza marehemu ni nani kwake, naye akasema ni mwenye nyumba wa kaka yake.

"Bosi akaweka kalamu chini, kaka," shemeji alisema. "Akasema hajawahi kusikia mtu anaomba ruhusa kwa ajili ya mwenye nyumba. Akasema sisi ni watu wa ajabu, akanishika bega. Haya maua kanunua yeye. Na kadi kaandika kwa mkono wake."

"Sasa?"

"Sasa siwezi kuyatupa. Na siwezi kwenda kazini Jumatatu nikadanganya. Lazima yafike kwa marehemu."

Tukaondoka. Mama mkwe alikaa mbele na baibui lake. Mume wangu alikuwa amevaa kaptula, akarudishwa ndani akavae suruali. Mimi nilikaa nyuma na sufuria ya pilau mapajani, nimeifunga kwa khanga, moto wake ukinipenya hadi mifupani. Tulipoiacha barabara kuu, yakaja mashamba ya mahindi, farasi, na maghala mekundu. Binti yetu alikuwa amevaa visikizio masikioni tangu Flemingdon, akitazama dirishani kama mtu anayesafirishwa kwa nguvu.

Lilikuwa jumba la matofali, baraza limelizunguka, na miti mirefu iliyokwisha kuanza kugeuka rangi. Shemeji alisimamisha gari. Hakuna aliyefungua mlango.

Kwenye mlango mkubwa wa mbele palikuwa pametundikwa kitambaa cheusi, na shada lenye utepe mweusi.

"Kuna nini hapa?" mume wangu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kuna nini tena?" mama yake alisema, akafungua mlango wa gari. "Msiba."

Msichana wa gauni refu jeusi na kofia nyeupe ya kitambaa alitupokea ukumbini, mikono kaikunja mbele. Alizungumza kwa kunong'ona. Alisema karibuni, bwana wa nyumba ametutoka alfajiri ya leo. Vioo vyote vilikuwa vimefunikwa. Saa kubwa ya ukutani ilikuwa imesimamishwa. Kupitia mlango wa sebuleni niliona, nawaapia, jeneza.

Pembeni palikuwa na ubao wa maelezo. Niliusoma haraka, kisha nikamvuta mume wangu naye asome. Mwezi ule jumba lilikuwa linaonyesha jinsi matajiri wa zamani walivyoomboleza, na wafanyakazi wake walikuwa wanaigiza msiba wa tajiri aliyelijenga. Jeneza lilikuwa tupu. Mume wangu aliusoma ubao mara mbili. Kisha akavua kapelo yake, akaishika kifuani.

Mama mkwe hakuhitaji ubao. "Wamefunika vioo, wamefanya vizuri," aliniambia. "Aliyefiwa ajitazame ili iweje?"

Shemeji alisogea akampa msichana yale maua. Msichana aliisoma kadi. Bosi alikuwa ameandika, kwa moyo wake wote, pole kwa kuondokewa na mwenye nyumba. Msichana akainua macho, akaiangalia ile kanzu, na nikaona uso wake unachangamka kwa furaha ambayo haikufaa kabisa msibani.

"Wewe ni mpangaji wake?" alimwuliza. Marehemu, kumbe, alikuwa na mashamba mengi na wapangaji chungu nzima.

Shemeji, aliyekuwa amesema hawezi kudanganya, alifikiri kidogo. "Ndiyo, napanga," alisema. "Malvern."

Akaongozwa mbele, akasimamishwa karibu na jeneza.

Sebuleni palikuwa na kamba nyekundu ya kuzuia watu wasifikie viti. Mama mkwe hakuvitaka viti. Aliketi chini upande wetu wa kamba, akakunja miguu, na alipoona nimesimama akanivuta khanga nami nikaketi. Watoto wakaketi. Wageni wengine waliingia, wakatukuta pale, wakapunguza sauti. Mmoja akatupiga picha. Mzee mmoja mwenye kamera aliinama akaniuliza kwa heshima sisi tunaigiza akina nani.

"Familia," nilimjibu, kwa kuwa hilo ndilo neno lililonijia.

"Mjane yuko wapi?" mama mkwe aliuliza. Binti yetu akavua visikizio akatafsiri. Msichana wa gauni jeusi alisema mama wa nyumba yuko juu, hapokei wageni.

"Ah, yuko eda," mama mkwe alisema, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Eda yao ni muda gani?"

Binti akauliza, akasikiliza, akageuka. "Bibi, anasema miaka miwili."

"Miaka miwili!" Mama mkwe aliruka kana kwamba sakafu imemchoma. "Sisi yetu miezi minne na siku kumi, na hiyo yenyewe mtu anaimaliza kwa machozi. Nani kawaambia miaka miwili? Mwite ashuke."

Haikujulikana kama alishuka kwa kuitwa au kwa kuwa ndiyo ilikuwa zamu yake. Mwanamke mrefu, mtu mzima, alikuja akishuka ngazi polepole, ushungi mweusi umemfunika hadi kiunoni. Watu wakampisha, akaingia sebuleni akasimama upande wa pili wa kamba, karibu na jeneza. Mama mkwe alinyanyuka, akavuka ile kamba nyekundu kama haipo, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, dada yangu. Mungu akupe subira. Kakuachia watoto?"

Yule mwanamke alikuwa amezoea, nadhani, kuulizwa gauni lake limeshonwa kwa kitambaa gani. Binti yetu alipotafsiri, yeye akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu wa Toronto, kwamba mwezi mzima amekuwa mjane hapa na hakuna mtu aliyempa pole. Kisha akarekebisha ushungi, akarudi kwenye uigizaji, akajibu kwamba ameachiwa watoto saba.

"Saba, masikini!" Mama mkwe akamkumbatia. Walisimama hivyo muda mrefu, kichwa cha mama mkwe kikimfikia yule mama kifuani. Mimi nilijua jeneza ni tupu. Nikasogea nami nikampa pole vilevile.

Vyumba vingine hatukuviona. Mama mkwe alikataza: watu wako kwenye majonzi, sisi tupande juu tukakague vitanda? Tulikwenda bustanini tukafungua sufuria. Wafanyakazi walipopata mapumziko walitoka mmoja mmoja na nguo zao nyeusi, wakakuta wamekwisha pakuliwa. Mjane aliurusha ushungi nyuma ya mabega, akala kwa mkono alivyoonyeshwa, akasema hajapata kula msibani chakula kama kile. Shemeji aliketi naye akimweleza ubaya wa madirisha yake ya kioo kimoja. Akaja pia bwana mwenye koti refu na mkoba wa ngozi, aliyekuwa anaigiza daktari wa marehemu. Niliona mama mkwe anampakulia kijiko kimoja cha wali na mfupa.

"Mama, ongeza nyama kidogo," nilimnong'oneza.

"Huyu?" alisema. "Si ndiye aliyekuwa akimtibu?"

Tulirudi Flemingdon jioni tumechoka na sufuria tupu, shemeji akatushusha akaenda zake Malvern. Nilipochomeka ufunguo mlangoni, mama mkwe alinizuia. Alisema mtu akitoka msibani hanawi ndani. Alitoa chupa ya maji mkobani, akatupanga ukutani kwenye korido, mimi, mwanawe na watoto, akaanza kutumiminia maji miguuni mmoja mmoja, juu ya zulia la kampuni.

Mlango wa jirani ukafunguka. Alikuwa mzee wa Kiafghani ambaye kwa miaka mitatu tulikuwa tumesalimiana kwa kichwa tu. Alituangalia tulivyosimama peku. Akaniuliza kuna nini.

Mume wangu alifungua mdomo aeleze habari za maktaba, na pasi, na maonyesho maalumu. Nikamtangulia.

"Tumetoka msibani," nilisema mimi.

Mzee aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akatupa pole kwa lugha yake na kwa Kiingereza. Tukaipokea, sote wanne, miguu ikichuruzika maji.