Ng'ombe Mwenye Mlango Tumboni

Itangazwe leo kwa wananchi wote wa Kitale, pamoja na mbuzi wao: sanaa ya usurealisti, ile inayochora dunia jinsi ndoto zinavyoiona, imewasili mjini. Haikuletwa na profesa. Imeletwa na Dayawanti, mzaliwa wa Bungoma, mwenye duka la vitambaa, mama wa miaka sitini na miwili anayeogopa bata, ambaye mtaa mzima humwita Mama Jignesh.

Kila Jumatano Dayawanti hufunga duka, akapanda boda mpaka shule ya chekechea iliyo njia ya Endebess, kwapani kitabu kipya cha picha alichokishona kwa mabaki ya vitambaa. Kimoja kina treni ya Bungoma iliyobeba mabehewa ya mvua. Kingine, samaki anayepiga mawingu pasi. Watoto hawakuuliza maana yake. Waliuliza, "Pasi ni ya makaa ama ya stima?" Hapo akajua amefika kwao.

Kisha akashona ng'ombe mwenye chuchu za vifungo vyekundu na mlango tumboni. Ukiufungua, ndani kuna nyota. Wazazi wakalalamika. Mwalimu mkuu, Nyaruai, akaitisha mkutano: Jumatano za Mama Jignesh ziendelee ama zife?

Dayawanti alikaa mbele, hotuba kuhusu uhuru wa ndoto imekunjwa pochini. Miaka minne ya Jumatano. Zikifa, angebaki na vitambaa tu.

Kibe, mfuga ng'ombe wa maziwa, akasimama.

"Mama Jignesh, kwa heshima. Mlango sina shida nao. Daktari wa mifugo angechungulia tu, akaenda zake. Nyota pia, sawa. Lakini chuchu tatu? Ati tatu! Huyo aliugua, moja ikafa. Kesho msichana wangu akiniletea ng'ombe kama huyo kutoka soko, nimlaumu nani?"

"Kweli, bana!" wazazi wakaitikia.

Dayawanti akaiacha hotuba ilale. Akatoa sindano, akang'oa kifungo cha sweta yake, akakishona chini ya ng'ombe.

Kibe akainama, akahesabu kwa kidole. "Ya nne ni bluu. Lakini iko."

"Basi tupige kura?" Nyaruai akauliza.

"Kura ya nini, mwalimu? Si ng'ombe amepona?"

Jumatano zikapona naye. Watu walipotawanyika, Nyaruai akamsogelea Dayawanti kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mama, zile chuchu tatu zilikuwa zinatuambia nini kuhusu maisha?"

"Vifungo viliisha."